Kipimo cha pili: kuwafundisha wauguzi wa idara ya dharura (EMD) kutibu maumivu

Kabla hujaandaa hata slaidi moja, nenda masijala utoe mafaili 20 ya wagonjwa waliopitia EMD katika miezi miwili iliyopita: waliovunjika, walioungua, wa selimundu, wa tumbo la ghafla. Chukua karatasi, ichore safu nne. Ya kwanza, saa aliyofika. Ya pili, saa maumivu yalipopimwa mara ya kwanza. Ya tatu, saa dawa ya kwanza ya maumivu ilipoingia mwilini. Ya nne, saa maumivu yalipopimwa tena baada ya dawa, yaani kipimo cha pili. Jaza faili moja baada ya jingine, usibague. Ya kwanza itajaa, ya tatu itajaa nusunusu, na ya nne jiandae kuiona nyeupe.

Hiyo safu nyeupe ndiyo mtaala wako. Semina nyingi za maumivu huanza na nyuzi za neva, zikapanda hadi uti wa mgongo, kisha ikaletwa ile ngazi ya dawa za maumivu ya WHO ya mwaka 1986 ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Watu wanaitikia kwa vichwa, chai inakuja, posho inasainiwa. Jumatatu yake mgonjwa wa paja lililovunjika anachomwa diklofenaki saa nne asubuhi, na anayemuuliza tena anaendeleaje ni daktari wa raundi ya jioni. Muuguzi huyo hakukosa elimu ya neva. Alikosa mazoea ya kurudi kitandani. Ukipewa saa moja tu ya kufundisha, itumie yote kufundisha kurudi. Elimu ya dawa itaingia yenyewe, kwa sababu muda wa kurudi unategemea dawa gani imetolewa na kwa njia gani.

Ukishajaza karatasi, piga hesabu ya dakika kutoka kufika hadi dozi ya kwanza. Usichukue wastani; mgonjwa mmoja aliyesahaulika saa saba ataharibu picha nzima. Panga dakika kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati. Namba hiyo iandike kwenye karatasi kubwa, ibandike chumba cha wauguzi, bila jina la mtu wala la zamu. Watu wataijadili wenyewe kabla hujafungua mdomo.

Ufunguo kwanza, darasa baadaye

Fuatilia morfini inavyosafiri. Imo kwenye kabati la DDA, la dawa zinazodhibitiwa, sawa, lakini ufunguo uko kwa nani saa nane usiku? Ikiwa uko kwa inchaji aliyekwenda nyumbani, au wodi ya upasuaji ng'ambo ya uwanja, basi dakika 40 za kuchelewa zinatoka kwenye ufunguo, na darasa halitazipunguza. Ufunguo ukae na kiongozi wa zamu, ukabidhiwe pamoja na daftari, ampuli zihesabiwe na wawili mbele ya macho yao, wasaini wote. Mabaki ya ampuli yamwagwe mbele ya shahidi na kiasi kilichomwagwa kiandikwe. Muuguzi anayeogopa kuulizwa kuhusu miligramu 4 zilizobaki atachagua diklofenaki kila mara, na huwezi kumlaumu.

Mwite mfamasia kwenye kikao cha kwanza. Muulize kilichopo na kiasi: parasetamoli ya vidonge, ya maji na ya mshipa, aibuprofeni, tramadoli, morfini ya sindano na ya kunywa, ketamini, naloksoni (inayozima nguvu ya morfini), lignokeini (ya ganzi). Jambo moja lisiwe na mjadala: pasipo na naloksoni na ambu ya kupumulishia, morfini ya mshipa isianzishwe.

Kisha kuna waraka. Muuguzi wa triaji, anayepanga wagonjwa kwa uharaka wao, anahitaji ruhusa iliyoandikwa na kusainiwa na mkuu wa idara, ikipitishwa na kamati ya dawa ya hospitali, kwamba mtu mzima mwenye maumivu madogo au ya wastani, asiye na kizuizi, anaweza kumpa parasetamoli gramu 1 na aibuprofeni miligramu 400 za kumeza hapo hapo mezani bila kusubiri daktari. Mtu mwembamba wa chini ya kilo 50 apigiwe miligramu 15 kwa kila kilo. Kabla ya kumpa, aulizwe alimeza nini nyumbani. Maduka ya dawa yanauza vidonge vya diklofenaki ambavyo ndani yake mna parasetamoli, na aliyemeza vinne tangu asubuhi hajui kwamba ameshakula sehemu kubwa ya gramu 4 za siku nzima.

Kuuliza

"Pole sana" ni adabu, si kipimo. Wafundishe kuuliza kwa namna ambayo mgonjwa aliye mbele yao anaweza kujibu. Sifuri hadi kumi inamfaa kijana wa bodaboda wa Mtwara mjini. Bibi aliyeletwa kutoka Kitangari huenda akakujibu "kumi" kwa sababu umetaja kumi mwisho. Kwa huyo tumia maneno: "Shikamoo bibi. Hapo panapouma, panauma kidogo, wastani, panauma sana, au hapavumiliki?" Wewe ndiye utakayegeuza kuwa namba: kidogo ni 1 hadi 3, wastani 4 hadi 6, kuanzia 7 ni makali. Au tumia mkono: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, vidole vitano wazi ni maumivu yasiyo na kifani. Chochote utakachochagua, andika ulichotumia, kwa sababu atakayerudi baada ya nusu saa lazima atumie hicho hicho. Ukipima kwa vidole na mwenzako akapima kwa namba, hamjapima mgonjwa mmoja.

Ongeza swali la kazi. Aliyevunjika mbavu mwambie akohoe. Mwenye tumbo mwambie ageuke ubavu. Kijana aliyefundishwa jandoni kuvumilia atakuambia "kawaida tu" huku mfupa unachungulia, lakini ukimwambia ainue mguu utaona jasho la kwenye mdomo wa juu. Upande wa pili, onya mapema kwamba mapigo ya moyo ya kawaida hayathibitishi kwamba mgonjwa anadanganya. Mwili huzoea. Anayechezea simu naye anaweza kuwa na 8.

Watoto wa miezi 2 hadi miaka 7 wanapimwa kwa FLACC: uso, miguu, utulivu wa mwili, kilio, na kubembelezeka. Kila kimoja 0, 1 au 2, jumla 10. Kosa linalojirudia ni kumpima mtoto akiwa amelazwa peke yake juu ya meza ya chuma, mama yake kasimamishwa mlangoni. Hapo umepima hofu. Mrudishe kwa mama, asubiri dakika mbili tatu, ndipo uhesabu.

15, 30, 60

Hili ndilo somo lenyewe, na linatosha dakika 20. Dawa ya mshipa, rudi baada ya dakika 15. Ya msuli, 30. Ya kumeza, 60. Dripu ya parasetamoli, hesabu kuanzia ilipomalizika, si ilipofunguliwa. Ukirudi unaandika vitu vitatu: maumivu sasa hivi, mgonjwa yu macho kiasi gani, anapumua mara ngapi kwa dakika.

Kupumua kuhesabiwe dakika nzima. Mazoea ya kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne yanadanganya pale hasa unapohitaji ukweli: pumzi mbili zinakupa 8, tatu zinakupa 12, na kati ya 8 na 12 ndipo uamuzi ulipo.

Namna ya kukumbuka isitegemee kichwa. Kata kipande cha plasta nyeupe, andika dawa, kiasi, na saa ya kurudi, kwa mfano "Morfini mg 2, rudi 4:35", ukibandike kwenye stendi ya dripu usawa wa macho. Hata muuguzi wa kitanda cha jirani akipita ataiona. Kipande hicho hakitolewi mpaka kipimo cha pili kiandikwe. Fomu mpya ya kurasa mbili haitashinda plasta. Fomu huishia kwenye droo.

Agizo la daktari nalo lifundishwe, na hapa wanafunzi wako ni madaktari, hasa walio kwenye mafunzo kwa vitendo, na matabibu. "Apewe dawa ya maumivu akihitaji" si agizo. Agizo linasomeka hivi: morfini miligramu 2 kwenye mshipa, rudia kila dakika 5 mpaka maumivu yashuke chini ya 4, simama akisinzia au akipumua chini ya mara 10, ukifika miligramu 10 niite. Muuguzi mwenye agizo la namna hiyo hana haja ya kumtafuta daktari mara tano.

Sirinji mkononi

Mahesabu yafundishwe kwa vitu halisi: ampuli zilizoisha muda, maji, sirinji, kalamu ya lebo. Kila mmoja avute mwenyewe.

Morfini: ampuli ya miligramu 10 katika mililita 1, ongeza mililita 9 za normosalaini (maji ya chumvi ya dripu), unapata miligramu 1 kwa kila mililita. Kuna ampuli za miligramu 15 pia. Hizo zinaongezwa mililita 14 ndani ya sirinji ya 20. Anayevuta bila kusoma ampuli, akaongeza 9 kwa mazoea, anatoa dozi iliyozidi kwa nusu kila mara bila kujua. Bandika lebo palepale, kabla sirinji haijaguswa na mtu mwingine. Mtu mzima mwenye nguvu anaanza na miligramu 2, mzee aliyekonda 1. Usingizi hutangulia kabla pumzi hazijapungua, kwa hiyo mgonjwa anayefumba macho katikati ya sentensi hapewi dozi inayofuata hata kama bado anasema panauma.

Naloksoni: ampuli ya miligramu 0.4, ongeza mililita 9, kila mililita inakuwa na 0.04. Mwamshe mgonjwa kwanza, fungua njia ya hewa, mpulizie kwa ambu; ndipo utoe mililita 1 kila dakika 2 hadi 3 mpaka apumue vizuri. Lengo ni apumue. Ukimpiga ampuli nzima kwa mkupuo ataamka anapiga kelele na maumivu yote yamemrudia. Pia naloksoni huisha nguvu mapema kuliko morfini, hivyo aliyezinduka saa nne anaweza kulala tena saa tano. Asiachwe bila mtu wa kumtazama.

Ketamini ni ya kuheshimu. Kichupa chake kina miligramu 50 kwa mililita. Kwa maumivu, tofauti na usingizi wa upasuaji, dozi ni miligramu 0.1 hadi 0.3 kwa kilo, ikiingia polepole kwa dakika 10 hadi 15, kwa agizo la daktari aliyepo. Mtu wa kilo 60 kwa 0.2 anahitaji miligramu 12, yaani mililita 0.24, kiasi ambacho sirinji ya 5 haiwezi kukipima kwa uhakika. Vuta mililita 1, ongeza 9 za normosalaini, sasa una miligramu 5 kwa mililita, na dozi yako ni mililita 2.4. Ziweke kwenye dripu ndogo uliyoipunguza ikabaki mililita 50. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita hiyo ni kama matone 67 kwa dakika ili iishe ndani ya dakika 15. Ikisukumwa haraka mgonjwa anaona mambo ya ajabu na kuogopa kwelikweli. Mwambie kabla: "Utajisikia kama unaelea, utanisikia, nipo hapa, itapita." Maneno hayo yanafanya kazi.

Parasetamoli ya mshipa ndiyo inayoua kimya. Kichupa cha mililita 100 kina miligramu 1,000. Mtoto wa kilo 14 anahitaji miligramu 210, ambazo ni mililita 21. Kosa la kwanza ni kumtundikia kichupa kizima na kupanga "kufunga kikifika hapa", kisha dharura nyingine inaingia mlangoni. La pili ni kuchanganya miligramu na mililita. Dozi yake yote ivutwe kwenye sirinji, kichupa kiondoke kitandani. Kwa mtu mzima, kichupa kizima ndani ya dakika 15 ni matone 130 na ushee kwa dakika, hayahesabiki kwa macho. Fungua yatiririke, simama karibu.

Diklofenaki naijadili kwa urefu kwa sababu ndiyo mfalme wa sindano zetu. Ni dawa nzuri kwa mtu sahihi, kwa mfano mwenye jiwe la figo. Haifai kwa mwenye ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo, aliyeishiwa maji, anayevuja damu, mjamzito wa miezi ya mwisho, mwenye pumu inayochochewa na dawa za aina hii, anayehisiwa dengue, wala aliyeumwa na nyoka. Anayeweza kumeza aibuprofeni hana sababu ya kuchomwa. Na anayechomwa achomwe robo ya juu ya nje ya tako, kwa sindano ndefu ya kutosha. Mguu unaoburuzwa baada ya sindano ni neva iliyoguswa. Kwa aliye kwenye mshtuko wa mwili (shoku), dawa yoyote ya msuli, morfini hasa, hukaa palepale kwa kuwa damu haifiki, na ukishamwongeza maji inaingia yote kwa pamoja. Utakuta aliyechomwa mara mbili kwa sababu "haikumsaidia" anazimika nusu saa baadaye.

Pethidini, kama bado ipo kabatini, isiwe chaguo la kwanza. Mabaki yake mwilini huchochea degedege, hasa ikirudiwarudiwa au figo zikiwa dhaifu. Tramadoli nayo ina tabia ya degedege, haizidi miligramu 400 kwa siku, na watoto wa chini ya miaka 12 wasipewe.

Lignokeini kwa kushona: miligramu 3 kwa kilo, hivyo mtu wa kilo 60 anaishia miligramu 180, ambazo kwa ile ya asilimia 2 ni mililita 9. Choma polepole, kisha subiri dakika 5. Hizo dakika tano hazisubiriwi, na ndiyo sababu ya watu kushikiliwa na ndugu wawili wakati wa kushonwa.

Namba isiposhuka

Hapa ndipo wauguzi wengi hushtuka, kwa sababu wamefundishwa kwamba kupima maumivu ni huruma. Kipimo cha pili ni uchunguzi wa ugonjwa.

Mchukue kijana aliyeanguka na pikipiki barabara ya Masasi, mfupa wa mguu wa chini umevunjika, amefungwa plasta ya mguu. Saa ya kwanza ana 8, amepewa morfini miligramu 6 kidogokidogo, ameshuka hadi 3. Baada ya saa moja na nusu ana 9. Muuguzi asiyefundishwa anaandika "mgonjwa mdekaji" au anaomba dozi nyingine. Aliyefundishwa anakunja kidole gumba cha mguu polepole kuelekea juu. Kama hilo peke yake linampandisha mgonjwa kitandani, msuli umevimba ndani ya utando wake na damu inakaribia kukatika. Plasta na pamba yake vipasuliwe hadi kwenye ngozi, mguu ukae usawa wa moyo wala usinyanyuliwe juu, na daktari wa upasuaji aitwe sasa hivi, kwa maana msuli hauna muda mrefu: saa chache, na baada ya sita hivi madhara ya kudumu yanakuwa mengi. Ganzi, weupe na kukosa mapigo huja mwishoni, ukivisubiri umechelewa. Hali hiyo hiyo huja na wagonjwa waliopitia kwa mafundi wa mifupa wa kijijini na kufungwa vijiti kwa kamba iliyokazwa. Fungua kamba kwanza, historia utaichukua baadaye.

Mifano mingine ni mifupi. Tumbo lililokuwa linauma kwa vipindi sasa linauma mfululizo na limekuwa gumu. Kichwa kinachozidi huku mgonjwa anazidi kusinzia baada ya ajali. Huyo apewe dozi ndogo na apimwe fahamu kila mara, asinyimwe kabisa. Bila safu ya nne, hakuna hata mmoja kati yao anayeonekana.

Imani za kung'oa

Kwamba dawa ikitolewa kabla daktari wa upasuaji hajaligusa tumbo itaficha ugonjwa. Tafiti linganishi za tangu miaka ya 1990 hazikuona uamuzi wa upasuaji ukiharibika. Aliyetulizwa hata huruhusu tumbo lishikwe vizuri.

Kwamba mgonjwa wa selimundu anayetaja dawa na kiasi chake ni mraibu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Hawa ni wagonjwa wetu wa kila wiki, na wameujua mwili wao kabla wewe hujahitimu. Anayejua kwamba morfini miligramu 5 ndizo humsaidia amekupa taarifa ya kitabibu. Dozi ya kwanza iingie ndani ya saa 1 tangu afike, kisha apimwe kila nusu saa mpaka atulie. Halafu uangalie homa, kifua na weupe wa macho, kwa kuwa maumivu ya selimundu mara nyingine huwa yamebeba kitu kingine.

Aliyeumwa na nyoka, na huku mashambani msimu wa kupalilia hawakosekani, hachomwi sindano yoyote ya msuli wala hapewi diklofenaki, maana damu yake huenda haigandi. Parasetamoli kwanza. Morfini itolewe kwa uangalifu mkubwa, na iachwe ikiwa kope zinaanza kuanguka au anashindwa kumeza, kwani hapo sumu inaelekea kwenye pumzi.

Bila dawa

Kiungo kilichovunjika kifungwe gango, kibao cha kukituliza, kabla ya kwenda eksirei, si baada. Aliyeungua amwagiwe maji ya bomba ya kawaida kwa dakika 20, na bado inasaidia ikiwa hazijapita saa 3. Barafu hapana, na mtoto mdogo afunikwe sehemu nyingine asipate baridi. Kidonda kifunikwe, hewa ikipita juu yake inauma. Kwa wa kubadilishiwa bandeji, morfini ya kunywa itangulie saa nzima kabla.

Mvuvi wa Mikindani au Msimbati aliyechomwa na mwiba wa samaki taa ana tiba iliyo karibu mno hata inasahaulika: mguu kwenye maji ya moto ya nyuzi 45 hivi, dakika 30 hadi 90, ukiyaongeza yakipoa. Joto la maji lipimwe kwa mguu wake wa pili, ulio mzima, kwa sababu ule uliochomwa hauhisi sawasawa na unaweza kuunguzwa. Baada ya hapo ndipo mwiba utafutwe.

Na kama mgonjwa anasafirishwa, tuseme kutoka Masasi kwenda Mtwara, karibu kilomita 200, gango na dozi vije kabla injini haijawashwa. Kwenye barua ya rufaa iandikwe dawa, kiasi, saa, na namba ya mwisho. Anayepokea asiyejua kwamba morfini ilitolewa kabla ya safari atarudia, au ataogopa na kunyima.

Kufundisha kwa zamu

Dakika 20 baada ya makabidhiano ya zamu, mada moja kwa wiki, na mada hiyo hiyo irudiwe mpaka zamu zote ziipate, ya usiku ikiwemo. Zamu ya usiku ndiyo yenye watu wachache na maumivu mengi, nayo ndiyo isiyoalikwa semina. Kuuliza na kupima wiki ya kwanza. 15-30-60 na plasta wiki ya pili. Sirinji wiki ya tatu na ya nne, maana mikono hujifunza taratibu. Wanafunzi wa uuguzi walioko kwenye mazoezi waingizwe; wao ndio hupita kitandani mara nyingi kuliko wote.

Mtihani usiwe wa kuchagua a, b, c. Mpe muuguzi ampuli, uzito wa mgonjwa na sirinji, umwangalie. Mpe mtoto wa kilo 14 na kichupa cha parasetamoli. Akikosea, arudie hapo hapo.

Baada ya mwezi 1, na tena baada ya miezi 3, toa mafaili mengine 20 ujaze safu zile zile nne. Miezi mitatu ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu mwezi wa kwanza watu bado wanakumbuka kwamba wanatazamwa. Angalia pia kama safu ya nne imejaa "5/10" tupu, mgonjwa baada ya mgonjwa, saa zote zikiwa kamili au na nusu. Hizo zimejazwa mezani mwisho wa zamu. Usikimbilie barua ya onyo. Kaa na aliyezijaza, pitieni naye vitanda vya siku ile kimoja kimoja. Ukikuta walikuwa wauguzi wawili kwa vitanda 12, peleka karatasi hiyo kwa muuguzi mkuu pamoja na jedwali la zamu.